Kufunga Injini ya Mashindano kwenye Hilux ya Barabarani: Mwongozo kwa Mafundi na Wenye Gari wa Unguja

Mtu anayeagiza injini iliyoundwa upya kwa ajili ya mashindano, yenye pistoni za kufuliwa (zilizopondwa kwa mashine badala ya kumiminwa kwenye kalibu), kamshafti kali na silinda hedi iliyochongwa njia zake, huwa ameshatoa fedha nyingi kabla injini yenyewe haijateremshwa bandarini Malindi, na kwa hiyo huingiwa na haraka ya kuisikia ikinguruma. Haraka hiyo ndiyo inayoziua injini nyingi za namna hii. Injini iliyopimwa na kufungwa vizuri na aliyeiunda ni nadra kuharibika kwa sababu ya nguvu zake. Huharibika kwa kukosa oili katika sekunde za mwanzo, kwa kuchemka, kwa kuunganishwa na giaboksi isiyokaa sawa, au kwa kupungukiwa na petroli ikiwa kwenye mzunguko wa juu. Yote hayo ni dhamana ya anayeifunga kwenye gari, na ndiyo yanayoshughulikiwa hapa.

Mfano tutakaoufuata ni Toyota Hilux ya miaka ya 1990, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, iliyotoka kiwandani na injini ya petroli ya 22R yenye silinda 4, kabureta na ujazo wa sentimita mchemraba 2,366. Mahali pake inawekwa 2JZ-GE iliyojengwa upya, yenye silinda 6 za mstari na ujazo wa sentimita mchemraba 2,997, ambayo kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni vyote ni milimita 86. Nimeichagua kwa sababu bloki yake ni ya chuma na hustahamili sana, na pia kwa sababu fundi wa hapa aliyezoea Crown na Mark II hatakuwa mgeni kwake. Anayeweka injini nyingine atabadilisha vipimo, lakini mfuatano wa kazi utabaki huu huu.

Kabla ya kushika spana

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Kwa hiyo mwenye gari aende mapema kwa mamlaka inayosajili vyombo vya moto, aulize utaratibu wa kubadilisha namba na ukaguzi unaotakiwa, na aiarifu kampuni yake ya bima, maana gari yenye nguvu mara mbili na zaidi ya zile za mwanzo si gari ile iliyokatiwa bima. Barabara za kisiwa hiki, iwe ya Fumba au ya kuelekea Nungwi, zina watoto wa skuli, baiskeli na ng'ombe, na hakuna sehemu yake inayofaa kujaribia mwendo wa mashindano. Majaribio ya kasi yafanyike kwenye njia iliyofungwa kwa idhini, hata kama maana yake ni kuipakia gari melini kwenda bara.

Injini ikifika, isivuliwe nailoni na kuachwa wazi. Hewa yetu ina chumvi na unyevunyevu, na ukuta wa silinda uliosuguliwa upya huweza kushika kutu kwa muda mfupi sana. Toa plagi moja moja, ingiza kamera ndogo ya kukagulia na utazame kuta zote 6. Halafu izungushe injini kwa mkono kwa kutumia boliti ya puli ya mbele, mizunguko miwili kamili, ukisikiliza kama kuna mahali panapokwama. Alama yoyote ya kutu ya rangi ya machungwa ni sababu ya kusimamisha kazi na kuwasiliana na mjenzi. Kutu hiyo haimalizwi kwa kumimina oili.

Dai pia karatasi ya vipimo: nafasi ya beringi za kranki na za koniroda, nafasi kati ya pistoni na silinda, mwanya wa ringi, torki (nguvu ya kukazia) ya kila aina ya boliti, aina ya oili na kikomo cha mzunguko. Mjenzi asiyeweza kutoa karatasi hiyo ameuza kitu ambacho yeye mwenyewe hakukipima. Tahadhari hasa na torki, kwa sababu boliti maalumu za mashindano hazikazwi kwa takwimu za kitabu cha kiwanda, na fundi anayeikariri torki ya injini ya kawaida anaweza kuivuta boliti hadi ikapoteza nguvu zake.

Chesisi, nafasi na mauntingi

Gari iliyoishi karibu na bahari ikaguliwe chesisi yake kabla ya kitu kingine chochote. Igonge kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, hasa pale mikono ya sespensheni inapoungana na chesisi na kwenye vishikizo vya springi za nyuma, na usikilize mlio. Chuma kizima hulia kwa ukali, na kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Mahali palipooza pakatwe na kuwekwa chuma kipya cha unene ule ule. Kuchomelea kiraka juu ya kutu ni kulificha tatizo mahali ambapo nguvu mpya zitalitafuta.

Injini ya silinda 6 za mstari ni ndefu, na hapo ndipo Hilux hii inapoanza kuleta tabu. Mbele kuna rejeta, nyuma kuna bati linalotenganisha injini na chumba cha dereva, na chini kuna mhimili wa chesisi unaogombania nafasi na bakuli la oili. Bakuli la oili la injini hizi hutofautiana kwa umbo na kwa mahali pa kina chake kulingana na gari zilikotoka, hivyo lipimwe kabla ya kununuliwa. Kukata mhimili wa chesisi ili bakuli lipite ni kosa kubwa. Ni bora kutafuta bakuli jingine pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, au kulijenga upya lililopo.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi tunaotumia usukani wa kulia. Kwenye 2JZ manifoldi ya eksosi ipo upande wa kulia wa injini, na upande huo huo ndiko kulikopita shafti ya usukani pamoja na silinda kuu ya breki. Wenzetu wanaotumia usukani wa kushoto hawana shida hii, na ndiyo maana michoro mingi inayopatikana kwao haitusaidii. Manifoldi ya kutengenezwa kwa mabomba ichorwe ikiipisha shafti ya usukani, na kati yake na breki liwekwe bati la kukinga joto lenye nafasi ya hewa nyuma yake.

Injini na giaboksi viingizwe vikiwa vimeungana, boneti na rejeta vikiwa vimeondolewa. Uzito wake unazidi kilo 200, na kwa sababu hiyo cheni bloki ifungwe kwenye fremu ya chuma iliyosimama juu ya sakafu ya saruji. Najua tawi la mwembe limenyanyua injini nyingi katika gereji zetu, lakini tawi halitoi onyo kabla ya kukatika. Injini ikiwa bado inaning'inia, iwekwe katikati kwa kupima kutoka chesisi ya kulia na ya kushoto, ishushwe nyuma kwa nyuzi 3 hivi, na iachiwe nafasi ya kama milimita 25 pande zote kwa kuwa itajipinda ikivuta. Vikalio vya chuma vya mauntingi (viungo vinavyobeba injini) hushikizwa kwanza kwa nukta chache za kuchomelea, kila kitu kinapimwa tena, ndipo injini itolewe na kazi ya kuchomelea ikamilishwe ikiwa nje. Gari itakayoendelea kutembea barabarani iwe na mauntingi za mpira mgumu, kwani za chuma kitupu hupeleka mtetemo wote kwenye chesisi na kupasua viungo vyake.

Kujua kama boneti itafunga bila kugusa, weka vidonge vya udongo laini wa ufinyanzi juu ya sehemu za juu za injini, ifunge boneti taratibu kisha uifungue. Unene wa udongo uliobaki ndio nafasi uliyonayo.

Giaboksi, klachi na propela

Hapa ndipo mafundi wengi wazuri hufanya haraka, na mimi ningemshauri mtu atumie siku nzima. Nyumba ya klachi huweza kukaa kando ya mstari wa kranki bila jicho kuona. Ukishafunga flaiwili, kaza kipimo cha saa (geji yenye mshale na uso kama wa saa) juu yake, ncha yake iguse ndani ya tundu kubwa la nyumba ya klachi, kisha zungusha kranki mzunguko mmoja. Tofauti kati ya usomaji mkubwa na mdogo isizidi milimita 0.13. Ikizidi, tafuta uchafu au rangi kwenye nyuso zinazokutana, halafu tumia pini za kuelekezea zenye kitovu kilichosogezwa kando kidogo. Giaboksi iliyofungwa bila kipimo hiki huua beringi ya mbele na kuifanya gea iruke, na lawama hupewa giaboksi.

Boliti za presha pleti zikazwe kwa kuvuka, kidogo kidogo, na shafti ya kuelekezea ikiwa ndani ya sahani ya klachi. Beringi ndogo iliyomo ndani ya kranki ibadilishwe hata kama inaonekana nzima, kwa maana bei yake ni ndogo na kazi ya kuifikia ni kubwa.

Propela ya zamani haitafaa kwa urefu. Ikikatwa na kuungwa upya, lazima ibalansiwe kwenye mashine, na kama mashine haipatikani kisiwani ipelekwe Dar es Salaam. Propela isiyobalansiwa huvumilika kwa kilomita 60 kwa saa na huwa hatari kwa 140. Gari ikiwa imekaa juu ya magurudumu yake, pembe ya kiungo cha mbele na ya kiungo cha nyuma zilingane, kila moja ikiwa chini ya nyuzi 3, na ncha inayoteleza ndani ya giaboksi ibakiwe na milimita 20 hadi 25 kabla ya kugota. Chini ya sehemu yake ya mbele pazungushwe pete ya chuma iliyofungwa kwenye chesisi, ili kiungo kikikatika propela isichimbe ardhi na kuinyanyua gari.

Springi za nyuma za Hilux zilitengenezwa kubeba mizigo, na gari tupu yenye nguvu nyingi huzikunja na kuzikunjua, tairi zikaanza kurukaruka. Fimbo za kuzuia mzunguko wa ekseli, zilizofungwa kati ya ekseli na chesisi, huliondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo kuliko tairi za bei kubwa.

Maji, oili na petroli

Maji ya visima vya Unguja hutoka kwenye mwamba wa matumbawe. Ni magumu, na karibu na pwani huwa na chumvi pia. Yakichemshwa ndani ya injini huacha ukoko mweupe kwenye njia za hedi, na ukoko huzuia joto kutoka. Tumia maji yaliyosafishwa kama yale ya betri yakichanganywa na kulanti, hata kama gari haitaona baridi maishani mwake, kwa kuwa kazi ya kulanti hapa ni kuzuia kutu. Rejeta ya 22R haitoshi. Weka kubwa kuliko iliyopendekezwa, yenye bati la kuongoza hewa lililozibwa pembeni, na feni za umeme zenye rilei. Kifuniko cha presha kiwe kizima, maana kwa presha ya bar 1 maji hayachemki hadi yafikie nyuzi joto 120, ilhali kifuniko kibovu hukurudisha kwenye 100. Jaribio la mwisho lifanyike saa 8 mchana katika joto la kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, injini ikiwa katika mzunguko wa taratibu kwa nusu saa. Mfumo uliojaribiwa wakati wa kusi utamdanganya mwenyewe.

Kwa upande wa oili, weka kipimo cha presha chenye mshale pamoja na taa kubwa ya onyo. Kanuni inayotumika sana ni bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa ya moto. Bakuli liwe na kuta za ndani zinazozuia oili kukimbilia upande mmoja wakati gari inapokata kona au kufunga breki.

Petroli inahitaji mabadiliko makubwa kuliko wengi wanavyotarajia. Pampu ya kabureta hutoa presha isiyofika hata bar 0.5, wakati injini hii inataka karibu bar 3. Inahitajika pampu ya umeme, bomba la kwenda na la kurudi, na mipira iliyoandikwa kuwa ni ya mfumo wa presha. Mpira wa kawaida utapasuka juu ya eksosi. Tangi la Hilux halina kuta za ndani za kutosha, na kwenye kona ndefu likiwa robo pampu hunyonya hewa. Tangi dogo la kati, la lita 2 hivi, linalojazwa na pampu ya kwanza na kunyonywa na ya pili, hulitibu jambo hilo. Pampu iunganishwe kwa namna ambayo itazima yenyewe injini ikizimika.

Umeme na breki

Chumvi hula viungio vya umeme vinavyounganisha betri na chuma cha gari kabla ya kitu kingine. Toka betri kwenda bloki, bloki kwenda chesisi, na chesisi kwenda bodi, peleka waya nene, paruza rangi hadi chuma king'ae, kaza, kisha upake grisi juu yake. Bloki ikikosa njia nzuri ya umeme, mkondo wa stata hutafuta njia kupitia kebo ya akselereta na kuiunguza. Kompyuta ya injini iwekwe ndani ya chumba cha dereva, juu ya usawa wa miguu, kwa sababu masika huingia popote.

Breki zisiachwe mwisho. Nishati inayopaswa kuondolewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari inayosimama kutoka kilomita 160 kwa saa huzipa breki joto mara 4 ya ile inayosimama kutoka 80. Diski kubwa zaidi mbele na pedi za kuhimili joto ni za lazima. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huanza kuchemka kwa nyuzi joto zisizopungua 230, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishashiba kiwango chake huweza kushuka hadi 155. Katika hewa ya visiwani yabadilishwe kabla ya kila mashindano, na yatoke kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyo hiyo. Ikague pia vali inayogawa nguvu za breki za nyuma, ile iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo: husoma mzigo kwa kupima umbali kati ya ekseli na chesisi, na gari iliyoshushwa huidanganya ikadhani imebeba shehena, ikapeleka nguvu nyingi nyuma na kuyafunga magurudumu.

Kuiwasha

Toa plagi zote, kata umeme wa pampu ya petroli na wa koili, kisha uzungushe kwa stata kwa vipindi vifupi hadi mshale wa oili unyanyuke na kubaki juu. Bila presha hiyo, usiendelee. Rudisha plagi, washa pampu bila kuwasha injini, na umweke mtu mwenye tochi akague kila kiungio cha petroli. Kizimamoto kiwe mkononi mwa mtu, kisiwe kabatini.

Injini ikishika, tazama presha ya oili kwanza na usikilize baadaye. Pistoni za kufuliwa huachiwa nafasi kubwa kwa kuwa hutanuka zaidi, hivyo hugonga kidogo zikiwa baridi na sauti hupotea joto likipanda. Mlio wa kugonga unaoongezeka kadiri injini inavyopata moto ni jambo jingine, na injini izimwe hapo hapo. Hakiki taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) kwa taa yake, kwa sababu namba iliyo kwenye skrini ya kompyuta si ushahidi wa kinachotokea kwenye puli. Injini za zamani zenye kamshafti ndani ya bloki na vikombe bapa hutaka dakika 20 katika mizunguko 2,000 hadi 2,500 mara ya kwanza; 2JZ haihitaji hivyo, na kuiacha ikizunguka taratibu kwa muda mrefu hukwamisha ringi zisikae vizuri. Ikishafikia joto lake na kuthibitika haivuji, itembezwe ikibeba mzigo wa wastani, kuongeza kasi na kuachia, kwa kutumia oili ya kawaida ya madini.

Baada ya safari hiyo ya kwanza oili imwagwe, chujio likatwe na karatasi yake ikunjuliwe juani. Vumbi laini la chuma ni la kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho na kung'aa si vya kawaida.

Urekebishaji wa kompyuta ufanyike kwenye mashine ya kupimia nguvu au kwenye njia iliyofungwa, kwa petroli ile ile itakayotumika siku ya mashindano. Kwa injini isiyo na tabo, uwiano wa hewa na petroli akselereta ikiwa chini kabisa uwe kati ya 12.5 na 13. Kikomo cha mzunguko kifuate karatasi ya mjenzi. Kwa mizunguko 7,000 pistoni ya injini hii huwa na mwendo wa wastani wa mita 20 kwa sekunde, na sioni sababu ya kuzidisha kwenye gari ambayo Jumatatu itabeba saruji. Uwiano wa difu utazamwe pamoja na kikomo hicho: difu ya 4.1, tairi yenye mzingo wa mita 2 na gea ya nne isiyopunguza mzunguko huipa gari takriban kilomita 175 kwa saa katika mizunguko 6,000, na kwa mbio fupi hilo linatosha kabisa.

Baada ya jaribio la kwanza la kasi, zima injini palepale bila kuiacha izunguke taratibu, toa plagi na usome rangi zake kwa mpangilio wa silinda. Moja ikiwa nyeupe kuliko wenzake, silinda hiyo inakosa petroli na inafaa kuchunguzwa inzekta yake. Pima mgandamizo wa kila silinda na uandike namba hizo kwenye karatasi ya mjenzi. Boliti za manifoldi ya eksosi zikazwe tena injini ikiwa baridi, kuanzia katikati kwenda pembeni, na gasketi yenye masizi ukingoni ibadilishwe kabla gari haijapakiwa melini.